Bawa Limepimwa Upya

Jumatatu, 3 Juni

Mizani mpya ya kupimia nguvu inayoinua bawa imefungwa, nimewasha handaki la upepo, lile bomba kubwa la maabara tunamojaribia mabawa ya ndege. Miaka kumi na minne naendesha feni hii, na bado moshi ukianza kuteleza juu ya bawa, uzi kwa uzi, nasahau chai yangu mpaka inapoa. Jamani, hewa!

Profesa naye hajazoea. Wanafunzi wanamwita Mama Upepo. Ijumaa anaingia mbele ya jopo la kupandisha vyeo — kutoka profesa mshiriki hadi uprofesa kamili, hatimaye.

Tukajaribu bawa lake lile, la makala iliyompa jina miaka kumi na tisa iliyopita, kwamba linabeba uzito kuliko mabawa mengine. Namba zimegoma. Asilimia sita chini ya zile za makala. Nimemwambia ni mimi, nimefunga vibaya.

Jumanne, 4 Juni

Sikufunga vibaya. Nimerudia mara tano.

Nikashusha kabatini mizani ya zamani, aliyoitumia Profesa, nikaiwekea mawe ya kilo moja moja. Inazidisha! Nikafukua daftari la fundi aliyenitangulia. Iliwahi kuanguka, wiki mbili kabla ya majaribio ya Profesa. Ameandika "iko sawa". Hakuipima.

Basi bawa halibebi zaidi ya mengine. Ni bawa tu.

Mume wangu anasema nifunge domo mpaka Jumamosi, kwani bawa litaoza? Nimecheka, lakini daftari la fundi nimelitia mkobani.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia. Nilijieleza kama vile mizani niliiangusha mimi.

Alivua miwani, akapanga mawe mwenyewe kwenye mizani ya zamani, akasoma. Akayatoa, akayapanga tena. Nikamwambia pole, na kwamba jopo halijui lolote.

"Washa feni," akasema. "Nataka kuliona vizuri, safari hii."

Tumepima mpaka saa kumi jioni. Anaandika namba kwa mkono kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mara moja alifuta machozi, akadai ni moshi. Sikubisha. Halafu akachora grafu mpya, akasema itaenda naye Ijumaa.

Mtu gani huyu!

Ijumaa, 7 Juni

Niko kwenye benchi, koridoni, nje ya mlango wa jopo. Aliniomba nimsindikize. Grafu ameiweka juu kabisa ya faili. Mkuu wa idara, rafiki yake wa siku nyingi, alimvuta pembeni akamsihi aifiche hadi cheo kitoke. Profesa alimshukuru, akaingia nayo vilevile. Namwogopea. Na ninamwonea fahari, sijui niiweke wapi.

Dakika arobaini zimepita.

Karani ametoka sasa hivi. "Mama, fundi ndiye wewe? Wanakuita. Profesa anasema kazi ni yako, yeye alisaidia tu kupima."

Amenionyesha nakala ya grafu. Jina langu liko pale — kabla ya la Profesa. Sijawahi kuona jina langu limechapwa popote isipokuwa kwenye kitambulisho. Mlango uko wazi, wananitazama wote, nami bado naandika. Basi, nafunga daftari hili, naingia.