Mgeni Chini ya Kikapu

Jumatatu, 19 Januari

Tumekimbia hadi Kaaga na kurudi, kama kila Jumatatu. Baridi ya kukata masikio. Huku Meru wanaiita hewa safi. Kwetu Ishiara saa hizi mbuzi wanagombea kivuli.

Mazoezi hadi jioni. Kazi yangu kwenye timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu cha ualimu ni moja tu: kusimama chini ya kikapu, kudaka mpira unaogonga ubao, kuwapa wenye mikono. Mwenye mikono ni Mutwiri, kapteni wetu. Yeye na wenzake wametoka shule za hapa hapa, wamecheza pamoja tangu utotoni. Mimi nilichukuliwa kwa urefu. Mwalimu Kirimi, kocha, aliniona kwenye foleni ya uji akasema, "Huyu ni wangu." Kama mtu anayechagua mti wa kujengea zizi.

Leo pia hakuna aliyenipa mpira. Naandika ili nisijidanganye baadaye kwamba nilisahau.

Jumamosi, 24 Januari

Mechi ya kwanza ya msimu, nyumbani. Tumeshinda. Mutwiri alibebwa juu juu. Nilishika mguu wake wa kushoto, kwa hiyo naweza kusema nilikuwepo.

Nilidaka mipira mingi kuliko mtu yeyote uwanjani. Yote nikaitoa. Hakuna uliorudi kwangu.

Bwenini wamesimulia mechi upya kwa Kimeru. Nakielewa zaidi ya nusu maana si mbali na Kimbeere chetu. Utani ndio unanipita. Wakicheka nacheka. Huwa nachelewa kidogo.

Jumatano, 4 Februari

Hakuna mazoezi. Mahindi ya shamba la chuo yameanikwa kiwanjani, kikapu hadi kikapu. Kila mavuno ni hivyo. Hakuna saruji nyingine ya kuanikia. Mwalimu Kirimi anazunguka pembeni na filimbi shingoni, hana pa kuipuliza.

Alasiri wingu likashuka kutoka mlimani. Tukatoka mbio sote, na magunia, na mafagio, wengine na mashuka ya kitanda. "Nyaga, gunia! Nyaga, vuta turubai, si wewe ni mrefu! Nyaga, hapo, hapo!" Tangu nije chuoni jina langu halijaitwa hivyo. Nililowa chapachapa. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Alhamisi, 5 Februari

Jua limerudi. Mahindi nje tena. Hakuna aliyeniita.

Jumamosi, 14 Februari

Tumecheza Kanyakine tukashinda. Ni karibu na kwao Mutwiri, hivyo timu nzima tukaenda kula huko.

Wenzangu waliingia jikoni moja kwa moja, wakafunua masufuria, wakamtania mama yake, wakaketi kwenye kuni. Nikawafuata. Mama akanishika mkono kwa upole mlangoni. "Huyu ni mgeni. Mgeni hawezi kaa kwa moshi. Kuja huku, mwanangu." Akanipeleka sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Nikaletewa chai kwa kikombe cha maua. Kisha albamu ya picha, ili nisichoke.

Nimeona Mutwiri akibatizwa. Nimeona Mutwiri na ng'ombe. Ukutani kalenda ya kanisa na saa iliyosimama. Kutoka jikoni, vicheko. Chakula kilipokuja, sahani yangu ilikuwa na nyama nyingi kuliko ya yeyote. Nilikula peke yangu. Yule mama ni mtu mwema sana, sina neno juu yake. Nilitamani kulia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niko mwaka wa pili. Jembe langu liko wapi?

Jumapili, 15 Februari

Nimemkasirikia mtu aliyenipa nyama. Upuuzi mtupu. Lakini hasira ingalipo.

Jumamosi, 21 Februari

Sokoni Meru nimekutana na mama anayeuza ndengu, mtu wa Ishiara. Anamjua Baba. Tumeongea Kimbeere mpaka wateja wake wakanung'unika. Sikujua nilikuwa nimeikosa sauti yangu mwenyewe kiasi hicho. Nimenunua ndengu ambazo sina pa kuzipikia, ili nisiondoke haraka.

Nimempa ujumbe wa kumpelekea Baba: mechi ya mwisho tutacheza Embu, Jumamosi ya tarehe saba, ndiyo itakayoamua bingwa. Baba aje. Mwambie nacheza. Nimesema "nacheza" kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili.

Baba hajawahi kuona mchezo huu. Nilipomwambia niko kwenye timu aliuliza kama walimu siku hizi wanafundishwa kurukaruka. Nataka aone jambo moja tu. Anione mimi na mpira mkononi, watu wakitazama. Basi.

Ijumaa, 27 Februari

Siku mbaya. Niliiharibu mwenyewe.

Mahindi yameondolewa, tulikuwa na mazoezi kamili. Nikadaka mpira, Mutwiri akanyoosha mikono kama kawaida. Sikumpa. Nikapiga mwenyewe. Ukaingia. Uliofuata, hivyo hivyo. Wa tatu nikaukumbatia kama mtoto anayenyang'anywa kitu, wakanizunguka, filimbi ikalia. Mwalimu Kirimi akasema hii si timu ya mtu mmoja. Nilicheka. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Koome, mchezaji wa akiba, ataanza Embu badala yangu. Mimi benchi.

Baba anakuja kunitazama nikiwa nimekaa.

Kwenye bomba la maji Mutwiri akaja kunawa. Nilitegemea ngumi. Akasema, "Lakini Nyaga, mbona hujawahi itisha mpira? Hata siku moja. Watu wanapiga kelele 'hapa, hapa', wewe unanyamaza tu hapo chini. Sisi tuliona ni kama unatudharau."

Nikainama nikanawa uso.

Jumamosi, 28 Februari

Nimelifikiria siku nzima. Kweli sijawahi. Wote huita. Mutwiri huita mpaka akiwa usingizini. Mimi nasimama pale, mahali panapofaa, na kungoja wanione.

Kwetu tulilelewa hivyo. Ukiwa kwa watu, huombi. Hata ukinusa chakula kikiiva, unasema umeshiba. Baba aliwahi kunitoa kwa jirani akinivuta sikio kwa sababu nilitazama sufuria. Kutazama tu! Mwenye kitu ataona na atakupa. Asipokupa, basi hana, na humwaibishi.

Nimekaa chini ya kikapu msimu mzima nikiwa na adabu. Wao wakaona maringo.

Jumanne, 3 Machi

Nimejaribu mazoezini, upande wa akiba. "Hapa!" Sauti ikatoka kama ya mbuzi. Walicheka wote. Nikacheka nao, na safari hii sikuchelewa. Kisha nikapewa mpira.

Bado benchi.

Jumamosi, 7 Machi

Embu. Joto zuri, karibu la nyumbani. Naandika ndani ya basi la chuo, mkono unaruka.

Baba alikuwa amefika kabla yetu. Koti lake la kanisani, kofia mapajani. Alikuwa ameketi upande wa wenyeji kwa sababu aliona nyuso anazozijua. Nilimsalimia, nikarudi benchi. Alitazama benchi, akatazama uwanja.

Baba alipiga makofi kila mpira ulipoingia. Wetu, wao, yote sawa. Watu wa Embu walimgeukia. Aliendelea tu. Ameingiza, apigiwe makofi.

Koome alipata faulo ya tano kipindi cha pili, akatolewa. Mwalimu Kirimi akanigeukia. "Ingia. Na ufungue mdomo."

Nikafungua. "Hapa! Mutwiri, hapa! Nipe! Nipe!" Wa kwanza nikakosa. Nikaita tena. Nikafunga. Nikaita tena. Sijawahi kupiga kelele vile maishani, hata nikifukuza nyani shambani. Mutwiri alinipa akiwa hatazami, kama anavyowapa wengine. Tulikuwa nyuma tukawafikia. Mwisho wakatupita kwa kikapu kimoja. Bingwa si sisi. Lakini wenzangu walinirukia mgongoni, Koome wa kwanza, mtu niliyemkalia nafasi yake!

Nikaenda kwa Baba jasho likinitiririka. Nilitarajia, sijui. Makofi, labda.

Alinishika kiwiko akanivuta kando, mbali na watu. Akasema kwa Kimbeere, polepole: "Kumbe huko hawakupi kitu mpaka upige kelele hivyo?"

Nikasema ni mchezo, Baba, ndivyo unavyochezwa.

"Nimesikia ukiomba," akasema. "Watu wote wamesikia. Kama mtu asiye na kwao." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali hasira. Alikuwa ananihurumia. "Ukichoka rudi nyumbani. Hutaomba."

Basi la Ishiara lilikuwa linapiga honi. Akavaa kofia, akaenda.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Mutwiri alikaa karibu nami, akalala begani mwangu.

Jumatatu, 9 Machi

Msimu umekwisha. Hakuna kukimbia. Niliamka saa ile ile ya mazoezi nikakaa kitandani na viatu mkononi.

Kiwanja kitupu. Mvua ndefu zinakaribia, harufu yake inakuja na upepo. Mwalimu Kirimi amezitoa nyavu akaziweka ndani.

Baba ameshafika nyumbani. Ameshamwambia Mama. Nadhani leo wamekaa jikoni wakizungumza kunihusu, na Mama anauliza kama nimekonda. Sitaweza kuwaeleza. Juzi nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nitoke kwetu, na ndiyo siku ambayo Baba alinionea huruma. Yote mawili ni kweli.

Koome amepita sasa hivi akachukua sabuni yangu bila kuuliza, kama wanavyofanyiana wao kwa wao. Nimemtazama akiondoka nayo. Nikaendelea kufunga kamba za viatu, ingawa sina pa kwenda.