Seva ya Bure Imemshinda Msomi wa Kibeta

Mama Gaudiosa mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni mtaalamu wa kompyuta wa chama cha wakulima wa kahawa, nakaa Kibeta, nina digrii mbili, na mfumo wetu ambao makarani wa vituo wanaufungua kwenye simu kuandika kilo za kila mkulima unabebwa na seva ya kulipia, ambayo ni mimi niliyeishauri bodi iinunue nikisema chama chenye hadhi hakitumii vya bure, basi mwaka jana karani wetu wa Nshamba, Elieth, binti wa cheti tu, akapakua Tomcat, seva ya bure ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha, akaweka humo nakala ya mfumo wetu kwenye kompyuta kuukuu, ikafanya kazi wiki tatu bila kukwama, wajumbe wakaanza kumsifu mbele yangu, nami Mama, sijui nilipatwa na nini, siku ya kuwaonyesha bodi nikaizima kwa siri nikasema, "Mnaona vya bure?" wakamhamishia Kimwani kupima magunia, na sasa leseni ya ile seva ya kulipia inaisha mwezi huu, bodi imekataa kuihuisha, msimu unafunguliwa wiki ijayo, nimejaribu kuhamisha mfumo mwenyewe mara nne haukuwaka, na anayejua ni Elieth peke yake. Nimpateje bila bodi kujua nilichofanya?

Msomi, Kibeta

Msomi wangu wa digrii mbili, hongera. Si kila mtu anaweza kuua seva kwa mkono wake kisha akaongoza mazishi. Pole ningekupa, ila mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Eti vya bure havina hadhi! Mgeni akifika kwenu, kahawa ya kutafuna mnayompa mkononi huwa analipa? Na migomba ya kibanja cha baba yako, machipukizi yalitoka dukani? Jirani alimpa, akapanda, akatandaza nyasi mwenyewe, naye akampa mwingine. Ndiyo hiyo seva unayoidharau. Ni ya bure, lakini palizi iko pale pale: lazima awepo wa kuitunza, kuweka marekebisho ya usalama, kuhifadhi nakala. Mlikuwa naye, mkampa mizani.

Kupitwa na mtoto uliyemzidi vyeti kunauma, hilo nakuelewa. Lakini Elieth anaitwa mharibifu kwa kosa lako, na wiki ijayo mkulima atasimama kituoni na gunia lake, karani hana pa kuliandika. Hao ndio ninaowasikitikia.

Sasa sikia. Anza na bodi, usianze na Elieth, maana ukimfuata kwanza utamfanya akufichie. Kesho waambie kwa mdomo ule ule: "Niliizima mimi." Kiingereza kiache nyumbani. Omba yeye akabidhiwe kazi ya kuhamisha mfumo, wewe uwe msaidizi wake, na makarani waandike kwenye daftari mpaka amalize. Kisha panda gari uende Kimwani, umwombe radhi mbele ya hao anaopima nao magunia.

Akikukaribisha kahawa ya kutafuna, pokea kwa mikono miwili, utafune, na usimuulize leseni.