Kwa Reijo Pelkonen, Aliyerudisha Maji Hukkasuo

Mwaka umetimia, Reijo, tangu asubuhi ile ya Juni ulipovaa gambuti, ukanywa kahawa wima, ukaenda kinamasini Hukkasuo usirudi tena.

Tunakumbuka upole wako. Hata chura ulimpisha njiani. Ujanani ulichimba mitaro na baba yako ili kinamasi kikauke, misonobari inenepe. Ulipostaafu ukaanza kuiziba kwa mikono ileile, maji yarudi, na viumbe warudi.

Ndipo akaja Tuovi, mtafiti wa vipepeo.

"Ukiziba yote kwa mpigo, mzee, viwavi watakufa maji," alikwambia. "Waliobaki wako ukingo huu tu."

"Na tukiacha pakauke?"

"Watakufa vilevile. Tuzibe polepole."

Basi mkaziba polepole, mtaro mmoja kila kiangazi. Miaka sita mimi Helvi, mkeo, nikipasha supu ya samaki mara tatu tatu. Na ukija mezani ni Tuovi hivi, Tuovi vile.

"Si umuoe basi huyo mama vipepeo!"

Ulicheka. "Njoo uone mwenyewe, mama Outi."

Sikwenda. Nilikionea wivu hata kinamasi chenyewe, jinsi ulivyorudi umelowa, uso unang'aa. Na moyo wako uliposimama, aliyekushika mkono alikuwa yeye, si mimi. Hilo bado halijanishuka.

Wiki iliyopita nilikwenda. Korongo wawili wanalea kifaranga penye maji yako. Vipepeo wale wa rangi ya machungwa wameongezeka mara tatu, Tuovi alisema. Alinionyesha na kisiki ulichopenda kukalia. Anakijua, mimi sikukijua. Mtaro mmoja ulikuwa umebaki, akachukua koleo.

"Lete hapa," nikamwambia. "Mtaro huu ni wa mume wangu."

"Helvi, udongo ni mzito, tusaidiane."

"Nimesema lete."

Nikauziba peke yangu hadi viganja vikatoka malengelenge. Alisimama pembeni akilia. Sikumbembeleza.

Unakumbukwa nami mkeo, Helvi, wanao Outi na Jarno, mkweo Saila, mjukuu wako Eeli, na kaka yako Veikko. Tuovi naye aliomba jina lake liwemo. Watoto walisema niliweke. Nimeliweka, la mwisho kabisa.

Hututoki moyoni, Reijo, siku zote za maisha yetu.