Usiikunje Karatasi Iliyomo Ndani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mama na magoti yake, wanao wawili, na cherehani yako ile yenye kelele? Mimi huku namshukuru Mungu, afya ninayo, ila mikono imekauka kwa sabuni. Najua unashangaa: tunapigiana simu kila wiki, barua ya nini tena? Haya ninayotaka kusema yangenishinda kwenye simu, dada. Ungenikatia kabla sijafika katikati.

Kwanza pole sana na mkasa wa pasipoti. Uliponieleza kwamba umechaguliwa katika ule mpango wa serikali, kwamba nchi mbili zimekubaliana kupeleka mafundi cherehani kwa mkataba wa kueleweka na mafunzo kabla ya safari, nililia kwa furaha. Halafu ukasema dirishani pale uhamiaji wamekukatalia mara tatu, eti mashine inaonyesha ulishachukua pasipoti na ulishaondoka nchini. Wewe uliyekaa hapo unapiga cherehani siku zote! Ukaniambia karani anataka kitu kidogo, na kwamba ulimporomoshea maneno mpaka mlinzi akakutoa nje. Tulicheka sana siku ile. Lakini orodha ya mafundi inafungwa mwisho wa mwezi ujao, na tangu hapo sina raha.

Sasa ngoja nikwambie ya huku. Kwenye chumba chetu cha kufulia hapa hospitalini, kando ya mashine ya kunyooshea mashuka, walibandika tangazo kwa lugha tano, yetu ikiwemo. Serikali ya huku na shirika moja la kimataifa wamefungua kituo cha wageni ambao karatasi zao zina kasoro. Mtu aende mwenyewe, aseme ukweli, hatakamatwa. Wenzangu wakasema huo ni mtego wa panya, huingia waliomo na wasiokuwemo. Msimamizi wetu, tunayemwita Bi Mvuke, akasema watu wa shirika hilo waliwahi kumsaidia yeye mwenyewe, na anayeogopa aendelee kuogopa lakini asizibe njia ya matoroli.

Karatasi zangu zilikuwa na kasoro, dada. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikageuka, nikajifanya natafuta basi. Mara ya pili nilikaa kwenye benchi na namba arobaini na moja mkononi, na ilipoitwa sikuinuka mpaka wakaita arobaini na mbili. Mara ya tatu nikajikaza kisabuni. Ndani nilimkuta afisa mwenye miwani na mkalimani, mama wa makamo, aliyenimiminia maji kabla sijaomba. Afisa akauliza naitwa nani. Swali la mtoto wa chekechea, lakini nilimaliza kwanza maji yote.

Nikataja jina langu. Langu mimi, dada, si lako. Mtu aliyechukua pasipoti kwa jina lako ni mimi. Wakala wa safari alitaka mtu wa miaka ishirini na tano mwenye cheti cha kidato cha nne. Mimi nilikuwa na ishirini na moja, na shule unajua nilivyoikimbia. Siku ulipopelekwa kujifungua, watu wote wako hospitali na wewe, nilifungua sanduku la mama nikachukua vyeti vyako. Nilivirudisha wiki mbili baadaye, na hakuna aliyejua. Miaka sita nimeitikia jina lako. Yule karani hakutaka chochote. Mwizi ni huyu aliyekuwa akicheka nawe kwenye simu. Nisamehe, dada. Sina la kujitetea.

Nilidhani nitapandishwa ndege siku ile ile. Afisa aliandika, akatoka na faili, na yule mkalimani akaniambia kwamba si mimi wa kwanza kukalia kiti kile na jina la ndugu yangu. Wiki tatu baadaye wakaniita. Kibali cha zamani wamekifuta, wamenipa cha mwaka mmoja kwa jina langu, na kazini nimeanza upya kama mtu aliyeingia jana. Nimekubali. Kubwa zaidi, jina lako wamelisafisha, na shirika limewaandikia uhamiaji wa kwetu kwamba wewe hujawahi kusafiri. Wenzangu wa lugha yetu wamegundua nimepungua miaka minne kwa asubuhi moja, sasa wananidai niwarudishie shikamoo zao zote.

Nakala ya barua hiyo, yenye mhuri, imo humu, usiikunje. Ipeleke dirishani kesho hiyo hiyo, na umwombe karani radhi kwa niaba yangu. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nibusie wanao, na majirani wote wasalimie.

Nitukane utakavyo, dada, hata mwaka mzima, wala sitakata simu. Ila nakuomba nenda kwanza, uweke kidole chako kwenye ile mashine, na wakikuuliza jina, litaje kwa sauti. Ni lako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba