Zamu Yako ya Uji

Makole, Dodoma
9 Novemba

Dada yangu Editha,

Shikamoo dada. Habari za wodini huko Kigoma? Sisi hatujambo. Mvua bado inatuzungusha, vumbi tunalala nalo, ila Mungu anatutunza. Mwanao Noeli, uliyeniachia akitambaa, sasa anakimbiza kuku wa jirani, na suruali ulizotuma zimeshakuwa fupi.

Ningekupigia simu, lakini ukiwa hewani yeye huwa pembeni ametega sikio, na haya hayamfai.

Pale chekechea wazazi tunapokezana kupika uji wa saa nne. Baba mmoja, Fulgence, fundi pikipiki, aliupika ukawa mabonge matupu, watoto wakautafuna. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Zamu yako nikaishika mimi. Nikapika uji wa uwele na ubuyu, kama anavyopika mama kule Zuzu, na sufuria likarudi limekombwa.

Desturi yao, mtoto wa mpishi ndiye anayegawa vikombe, na kabla ya kunywa anawatajia wenzake aliyepika. Noeli akasimama, akasema uji umepikwa na mama yake. Mwalimu Dorothea, anayejua kuwa mimi ni mama mdogo tu, akanitazama. Nilipaswa kumrekebisha mtoto. Badala yake nikainama, nikakoroga uji uliokwisha kuiva.

Dada, nilifurahi mno. Nikaanza kuomba hata zamu za wenzangu ili nisikie tena.

Ijumaa nilimwambia kwamba mama yake atakuja Krismasi. Akaniuliza kama ni yule wa kwenye simu. Aliuliza hivi hivi tu, huku akivaa viatu. Nilienda uani nikalia.

Sikufichi, upande mmoja wa moyo wangu unataka usije kabisa. Ndiyo maana naandika haraka, kabla sijageuka. Usingoje Krismasi. Nimemwambia Mwalimu Dorothea kuwa uji wa siku ya kufunga shule, mwanzoni mwa Desemba, utaupika wewe. Omba ruhusa mapema. Uwele nitausaga, ubuyu nitautwanga, mwiko utaukuta juu ya ndoo. Mimi siku hiyo nitabaki nyumbani, ili Noeli akisimama na vikombe vyake akuone wewe tu jikoni.

Baba na mama wanakusalimu sana, na wauguzi wenzako wape salamu zetu.

Ni mimi mdogo wako, mama mdogo wa Noeli,
Hilda