Shati la Shamba la Mananasi

Baba,

Tumeshaondoka kwenda shamba la mananasi. Chai iko kwenye chupa. Dawa ya mgongo uinywe ukishakula, usijifanye umesahau.

Kengele ya saa yako niliizima mimi. Jana nilikuona unapiga pasi lile shati lako la kazi, eti leo ukawaonyeshe wakwe zangu mananasi yanavyokatwa. Uniaibishe! Wao wanajua baba yangu alikuwa meneja wa shamba lile, na alishafariki.

~~Nitakuletea nanasi moja.~~ Umeyabeba mgongoni miaka thelathini, yanakutosha.

Jioni watapita hapa. Wafungulie geti, wapokee mizigo, kisha urudi zako nje. Shati lile livae tu. Mlinzi lazima awe na sare.

Binti yako wa pekee