Maziwa ya Kumwogesha Mungu wa Ba

Jumatatu, 4 Septemba 2000
Baiskeli, mtungi, vumbi. Kitengela nzima muuza maziwa nimebaki mimi peke yangu. Wengine ukame umewarudisha kwao. Mimi nilitoka shule darasa la sita lakini ng'ombe wananijua kwa jina.
Nimechukua kwa Mama Saitoti, anayefukiza vibuyu vyake kwa moshi, nikapeleka kwa Ba, yule mama wa Kihindi wa duka la hadiwea. Mungu wake ni wa shaba, urefu wa chupa ya soda. Kila asubuhi anaogeshwa: maji, maziwa mabichi, maji tena. Mimi nilioga wiki iliyopita. Shaba imenishinda.

Jumatano, 6 Septemba
Leo sina mzaha. Dilip, mtoto wa pekee wa Ba, bado hajafungua macho huko hospitali tangu lori lipinduke naye. Ba aliweka nadhiri: amwogeshe mungu siku arobaini na moja bila kukosa, Dilip arudi. Anahesabu na chaki ukutani. Leo thelathini na tano.
Mama Saitoti amebaki na ng'ombe wawili. Amenipa kikombe kimoja, akasema ndama wake atalala njaa, aniote. Nimemwachia unga wangu.

Ijumaa, 8 Septemba
Nimeharibu.
Mlangoni kwa Ba nimemimina tone kwa kifuniko, nikaonja. Kawaida yangu. Usipoonja utauza maziwa yameganda. Huwa naonjea njiani, leo Wafula, mpishi wa Ba, ameniona. Ba alipoingia na mtungi, Wafula akanivuta kando. Kumbe cha mungu hakionjwi. Mtu akitangulia, hayo ni makombo.
Siku thelathini na saba. Makombo.
Wafula anasema ninyamaze, zimebaki nne tu.

Jumamosi, 9 Septemba
Sikuonja. Sijala pia. Nikinyamaza na Dilip afe, nimemuua. Nikisema, nitamuua mama yake. Mimi niliyefika Kampala na Mombasa, niliyewachekesha polisi mpaka wakaniachilia, naogopa mama mmoja wa sari nyeupe.

Jumapili, 10 Septemba
Nimesema. Nilivua viatu, nikapiga magoti.
"Ba, nimekuwa nikionja maziwa ya mungu. Karibu kila siku."
Akakaa chini. Akauliza, "Na ya leo, Barasa?"
"Ya leo hapana."
Akachukua kitambaa, akafuta chaki yote. Pole pole, mstari kwa mstari. Afadhali angenichapa.
"Kesho, moja," akasema.

Jumatatu, 11 Septemba
Nusu kikombe. Njia nzima sikuonja, na niliogopa yameganda. Hayakuwa.
Hospitali hakuna jipya. Ukutani mstari mmoja. Nilisimama mlangoni Ba akimwogesha, maziwa yakishuka mabegani mwa mungu mpaka kwa sahani. Akamfuta, akamvisha. Halafu akaniita, akachota kijiko kutoka ile sahani, akanimiminia kiganjani.
"Mungu ametangulia. Sasa onja."
Nikaonja. Yalikuwa na moshi kidogo, wa kibuyu cha Mama Saitoti.